Turbo Ikilia: Kweli na Uongo wa Kelele za Lori la Dizeli

Turbo ya lori zito si kitu cha bei ndogo, na bado kuna zinazong'olewa zikiwa nzima. Dereva kasikia mlio asiouzoea, mwenye gari kapigiwa simu, fundi kafungua boliti, turbo nyingine ikafungwa, na wiki inayofuata mlio uko palepale kwa sababu tangu mwanzo haukutoka kwenye turbo. Upande wa pili kuna zile zilizoachwa zilie mpaka shafti ikakatika mlimani, kwa kuwa kila aliyeulizwa kituoni aliapa kwamba dizeli ndivyo inavyolia.

Kelele yenyewe haivunji chuma. Kinachovunja ni jambo lililoizaa hiyo kelele, na mambo hayo hayafanani hata kidogo: moja ni kazi ya kila siku, jingine ni klampu iliyolegea, jingine ni injini inayoelekea kufa. Haya hapa madai yanayorudiwa sana gereji na barabarani.

"Turbo ikianza kupiga mluzi, ujue imeanza kufa." Uongo.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha feni ya upande wa ekzosi. Feni ya upande wa pili inavuta hewa safi, inaishindilia na kuisukuma ndani ya injini ili dizeli nyingi zaidi ipate kuungua. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyeliandikishia hataza wazo hilo mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Injini ya lori zito ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, shafti ya turbo inaweza kuwa kwenye mizunguko 90,000, yaani mara 1,500 kila sekunde. Feni ya chuma inayokata hewa kwa kasi hiyo haiwezi kunyamaza. Mluzi mwembamba unaopanda lori linapovuta mzigo, kisha ukashuka mguu unapoachia mafuta, ni turbo iko kazini.

Hata kwenye lori lilelile mluzi hauwi mmoja kila mahali. Ukitoka Mombasa, ukifika Nairobi kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umeshapungua kwa karibu moja ya tano. Ukipanda hadi Timboroa, kwenye mita 2,700 hivi, umepungua kwa zaidi ya robo. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili iipe injini hewa ya kutosha, na mluzi unapanda pamoja nayo. Dereva mgeni wa njia hiyo anaweza kuwaza kutafuta fundi Eldoret, kumbe gari ni zima, ni nchi tu iliyoinuka.

Jambo la kukushtua ni badiliko: lori lilelile, mzigo uleule, mlima uleule, sauti nyingine. Kwa hili sikio la dereva aliyekaa na gari lake muda mrefu ni chombo cha thamani kubwa, na mafundi wengi hawalisikilizi inavyostahili.

"Ile 'pshhh' lori linaposimama ni turbo inatoa pumzi." Uongo, karibu kila mara.

Hiyo ni breki za upepo. Kompresa ikishajaza matangi, kikausha hewa kinatema unyevu na hewa iliyobaki kupitia valvu yake ya chini, na ndiyo pshhh inayowashtua wapita njia. Turbo haihusiki. Ile valvu ya kutoa hewa ya turbo ambayo vijana hufunga kwenye magari madogo ilibuniwa kwa ajili ya injini za petroli. Kuifunga kwenye lori la dizeli ili lilie ni kutoboa njia ya hewa ambayo kiwanda kilihangaika kuiziba.

"Ule mlio wa tutu-tutu-tu ukiachia mafuta unakata shafti." Inategemea mguu uko wapi.

Hapa ndipo ubishi ulipo mkubwa, na kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Kinachotokea ni hiki. Turbo imeshika kasi, inasukuma hewa kwa nguvu. Ghafla injini inahitaji hewa kidogo kuliko inayoletwa. Ni kama umati unaosukumana kuingia uwanjani, geti likafungwa kwa kishindo: wa mbele wanarudishwa juu ya wa nyuma. Hewa iliyoshindiliwa inarudi kupitia kwenye feni, mgandamizo unashuka, feni inaisukuma tena, inarudi tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Huko kwenda na kurudi ndiko tunakokusikia kama tutu-tutu.

Kwenye gari la petroli geti hilo lipo kweli: ni kile kibati kinachofunga njia ya hewa unapotoa mguu. Dizeli nyingi hazitegemei kibati cha namna hiyo. Zinapunguza mafuta, njia ya hewa inabaki wazi. Ndiyo sababu lori lililo kama lilivyotoka kiwandani hutoa mlio mdogo tu wakati wa kubadili giya, wakati mwingine hausikiki kabisa. Na hata ukisikika, mguu umeshatoka, mafuta yamekatwa, moshi umepungua, kwa hiyo hakuna nguvu kubwa inayoendelea kuisukuma shafti. Turbo iliyofungwa sawasawa inavumilia mlio huo wa nusu sekunde. Anayekuambia shafti itakatika kwa sababu hiyo peke yake anakutisha bure.

Sasa weka mguu kwenye mafuta. Lori limebeba tani zake, linapanda mlima wa Kitonga, dereva kang'ang'ania giya kubwa, mizunguko ya injini imeshuka, na yeye anazidi kukanyaga. Hapo kikisikika kikohozi cha uhu, uhu, uhu kutoka upande wa filta, huku nguvu ikija na kukatika, hali ni nyingine kabisa. Moshi bado unaisukuma feni ya ekzosi kwa nguvu zote, na hewa upande wa pili inarudishwa nyuma. Kipigo chote kinaishia kwenye ile beringi nyembamba inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma. Ikipigwa hivyo mlima baada ya mlima inalika, shafti inasogea, feni inagusa nyumba yake, na mapanga yanaanza kuliwa.

Kikohozi cha namna hiyo kina sababu, na ndiyo ya kutafutwa kabla ya kuhukumu turbo. Anza na filta ya hewa iliyojaa vumbi, au mpira wa kuvutia hewa uliokunjamana ndani. Feni yenye utando wa oili na vumbi inakifanya, na vilevile turbo kubwa iliyotolewa kwenye injini nyingine ikafungwa kwa sababu boliti zilikubali. Kwenye injini zenye turbo ya mapanga yanayojifungua na kujifunga upande wa ekzosi, mapanga yakiganda kwa masizi yakiwa yamejifunga, kikohozi kitakuja. Na dawa ya haraka kuliko zote iko mkononi mwa dereva: shusha giya, injini ipande mizunguko, hewa ipate pa kwenda.

"Inafoka, inatoa moshi mweusi, haivuti: turbo imekwisha." Mara nyingi uongo, na ni uongo wa gharama.

Kati ya turbo na injini hewa inapita kwenye mipira na mabomba, inaingia intakula, ile rejeta ya mbele inayoipooza, inatoka, ndipo inaingia kwenye injini. Kila kiungo kimeshikwa na klampu. Mpira ukipasuka au klampu ikilegea, hewa inatoroka kwa mlio wa kufoka unaosikika lori likibeba mzigo na kutulia likiwa tupu. Injini inapata mafuta yaleyale na hewa pungufu, hivyo moshi unakuwa mweusi na nguvu inapotea. Turbo nayo, ikitafuta kuifidia hewa inayovuja, inazunguka kupita kiasi. Kwa hiyo tundu lisiloshughulikiwa linaweza kuja kuiua turbo iliyokuwa nzima.

Kulitafuta hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imepoa, pitisha kiganja chini ya kila mpira, hasa pale unapokutana na bomba na pale unapogusana na fremu au waya. Mpira uliovuja huwa na alama: mstari mweusi wa vumbi lililoshikana na oili, umetawanyika kuelekea upande mmoja, kwa sababu hewa imekuwa ikiupuliza hapo kwa siku nyingi. Ukikandamiza, utaona ufa unafunguka kama mdomo, kisha unajifunga ukiachia. Ndiyo maana kuutazama kwa macho tu hakutoshi. Ukiwa na upepo wa gereji, ziba upande mmoja, puliza kwa mgandamizo mdogo, paka maji ya sabuni, utayaona mapovu.

Kukiwa na mlio wa tik-tik-tik unaokwenda pamoja na mizunguko ya injini, na zaidi injini ikiwa baridi, tazama gasketi ya manifoldi ya ekzosi. Masizi meusi pembeni ya boliti yatakuonyesha.

"Ukishika shafti ikacheza, turbo imekufa." Uliza kwanza inachezea upande gani.

Beringi za turbo nyingi za malori zinaelea kwenye oili. Injini ikizimwa na oili ikiteremka, nafasi yake inabaki wazi. Kwa hiyo shafti kucheza kidogo pembeni, juu na chini, ni kawaida kabisa. Isukume pembeni huku ukiizungusha polepole: feni isiguse nyumba. Halafu ivute na kuisukuma, mbele na nyuma. Hapo usisikie kitu mkononi, kwani nafasi inayoruhusiwa ni sehemu ndogo sana ya milimita. Ikigonga, au ukiona mikwaruzo inayong'aa kwenye ukuta wa nyumba, fundi ana haki ya kusema imekwisha.

"Toa filta ya hewa, gari litapumua na kulia vizuri." Kulia, kweli. Kupumua vizuri, uongo.

Kasha la filta linameza sehemu kubwa ya mluzi, hivyo likiondolewa sauti inapanda na dereva anahisi nguvu imeongezeka. Kinachoingia ni vumbi la barabara. Kwenye feni inayozunguka mara 1,500 kwa sekunde, chembe za mchanga zinanoa ncha za mapanga mpaka zinakuwa nyembamba, na zinazopita zinakwenda kusaga silinda na ringi. Badilisha filta mapema kuliko kitabu kinavyosema kama njia yako ni ya vumbi. Usiitoe.

"Kuzima injini ghafla baada ya mlima kunaua turbo." Kweli.

Moshi wa injini iliyovuta mzigo mzito unaweza kufika nyuzi 600 au 700 za Selsiasi. Usiku nyumba ya turbo inaweza kuonekana nyekundu. Ukizima hapohapo, oili inayopooza beringi inasimama huku joto likiendelea kuingia kutoka kwenye chuma. Oili iliyobaki inaungua na kuwa makaa magumu, yanayoziba njia na kukwaruza shafti. Iache injini iungurume bila mguu kwa dakika 3 hadi 5, kisha uzime. Kama umeingia mjini polepole na kukaa kwenye foleni, turbo imeshapoa njiani.

Ukishazima, sikiliza. Turbo nzima inaendelea kuzunguka kidogo na mluzi unafifia taratibu. Ikisimama ghafla kwa mkwaruzo, kuna kinachogusana ndani.

"Ikilia kama king'ora si neno, mradi gari linavuta." Uongo wa hatari.

Huu si ule mluzi mwembamba. Ni sauti nene ya king'ora cha polisi, inapanda na kushuka, inasikika mpaka nje ya kebini, na mara nyingi inaandamana na moshi wa bluu. Beringi zimelika, shafti imepoteza mstari, au panga limevunjika. Simama mahali salama usiendelee. Shafti ikikatika, vipande vinaweza kupelekwa kwenye injini, na oili inayomwagika upande wa hewa inaweza kuwa mafuta ya injini: injini itapanda mizunguko yenyewe, na ukizungusha ufunguo haizimi. Kwenye giya za mkono, kanyaga breki zote, weka giya kubwa, achia klachi injini izimike kwa nguvu. Ikishindikana, ondoka karibu na injini. Usithubutu kuziba njia ya hewa kwa mkono au kitambaa.

Na turbo mpya isifungwe kabla muuaji wa ile ya zamani hajapatikana. Nyingi hufa kwa kukosa oili au kwa oili chafu: bomba la kupeleka oili limejaa makaa, bomba la kurudisha limekunjika, au fundi alipaka gasketi ya silikoni kwenye kiungo cha oili na kipande kikakatika kikaziba tundu dogo. Safisha au badilisha mabomba, tumia gasketi ya karatasi au chuma iliyokuja na turbo, badilisha oili na filta yake. Kisha mimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo ukiizungusha shafti kwa kidole, kata mafuta, piga stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo uwashe.