Kabla wageni hawajarudi Virunga: utalii unaopangwa pamoja na wenyeji



Mtu akisimama Majengo asubuhi, mawingu yakiwa yameondoka, anauona mlima Nyiragongo wote. Chini yake inapita barabara ya Rutshuru, na kwa miaka mingi barabara hiyo imebeba biashara mbili zisizosalimiana. Moja inashuka: ni makala, juu ya chukudu, juu ya pikipiki na juu ya migongo ya mama zetu. Nyingine ilikuwa inapanda: ni magari ya watalii yakienda Kibati kuanza safari ya volkano, au Rumangabo na Bukima kwenda kuona gorila. Ya kwanza inakula msitu, lakini inalisha nyumba nyingi za Goma. Ya pili inahitaji msitu ubaki, lakini watu wa Majengo waliitazama ikipita, vioo vimefungwa.

Katika mafundisho ya vijana na ya mama swali hili hurudi mara kwa mara: Parki inatusaidia nini sisi? Tunataka kulijibu kwa kueleza namna utalii unavyoweza kupangwa pamoja na wenyeji, na mambo yanayoharibika wasipoitwa.

Mtu atasema: vita havijaisha, watu wamekimbia mashamba yao, nanyi wachungaji mnaongea habari za watalii? Swali hilo ni la haki. Tukumbuke tu jinsi mlango huu ulivyofunguliwa na kufungwa. Mei 2018 mlinzi mmoja wa hifadhi aliuawa na wageni wawili Waingereza wakatekwa; utalii ukasimama mpaka Februari 2019. Machi 2020 ukafungwa tena kwa sababu ya Korona. Mwezi uliofuata, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa, wengi wao walinzi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikapasuka, na lava ikasimama Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Mwishoni mwa mwaka huo vita vikaanza upya katika Rutshuru, na Januari 2025 vikafika Goma yenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo tunasema wakati wa kupanga ni huu. Siku ile amani itakaporudi, mwenye fedha atafika na michoro iliyokwisha kukamilika, na wenyeji wataitwa siku ya kukata utepe, wapige makofi na kwaya iimbe. Kijiji ambacho kimekwisha kukubaliana mambo yake hakiwezi kupitwa kirahisi hivyo.

Tuanze na historia, maana bila hiyo hatuelewi hasira ya watu. Hifadhi hii iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, nayo ikaitwa kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Ndiyo ya kwanza katika Afrika kuitwa hifadhi ya taifa. Leo ina karibu kilomita za mraba 7,800, kutoka milima ya volkano hapa kwetu mpaka theluji ya Rwenzori. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia, na mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa pembeni yake wakitafuta kuni, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Haya ni ya kujivunia na ya kuhuzunisha pamoja. Lakini mpaka wa Parki ulipochorwa, aliyeuchora hakuwa mkulima wa Kibumba wala Mbuti aliyewinda humo. Wazee wetu walirithisha hadithi ya mashamba yaliyochukuliwa, na katika vijiji vingi hadithi hiyo ina nguvu kuliko karatasi yoyote ya serikali. Anayesoma 1 Wafalme 21 anaijua huzuni hiyo: Nabothi alipokataa kuuza shamba lake, hakuwa na kiburi. Kwake shamba lilikuwa la baba zake, na mfalme alilitazama kama mahali pa kupanda mboga.

Hatusemi kwamba msitu ugawanywe. Msitu huo ndio unaoshika maji ya mito yetu, na mito hiyo ndiyo inayozungusha mashine za Matebe, ambazo umeme wake unafika mpaka Goma. Gorila wa milimani nao hawana makao mengine isipokuwa hapa, Rwanda na Uganda. Hesabu ya 2015 na 2016 ilikuta 604 katika milima ya Virunga ya nchi zote tatu. Tunachosema ni kwamba utunzaji usioheshimu jirani haudumu. Mwaka 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo walipigwa risasi na kuachwa pale pale, na waliofuatilia mauaji hayo waliona mkono wa biashara ya makala. Mlinzi mwenye bunduki hawezi kukaa chini ya kila mti. Zaidi ya walinzi 200 wamekwisha kufa katika kazi hiyo, na wengi wao ni watoto wa makanisa yetu haya haya.

Sasa, fedha. Kabla ya milango kufungwa, kibali cha kuona gorila upande wetu kilikuwa dola 400, na cha kupanda Nyiragongo dola 300. Rwanda, kibali cha gorila ni dola 1,500 tangu 2017. Wengi hushangaa: kwa nini bei ya juu hivyo, si afadhali waje wengi kwa bei ndogo? Hapa ndipo neno “endelevu” linapata maana yake. Gorila huambukizwa magonjwa yetu, hata mafua ya kawaida. Kwa hiyo wageni huenda kikundi kidogo, hawazidi wanane, wanakaa saa moja tu, na Virunga iliwavalisha barakoa miaka mingi kabla ya Korona. Idadi ikiwa ndogo, bei lazima iwe kubwa. Utalii wa namna hii hauwezi kumpa kila kijana wa Majengo kazi ya kuongoza wageni, na asiwepo mtu wa kuwaahidi hivyo. Kazi iliyo nyingi iko pembeni: viazi na kabeji za Kibumba, jibini ya Masisi, samaki wa ziwa, kufua mashuka, kushona, kutengeneza magari, kubeba mizigo mpaka kileleni, mita 3,470.

Tazameni hoteli inapopata chakula chake. Jikoni likinunua viazi kutoka mbali wakati mama wa Kibumba anauza kando ya barabara, fedha ya mgeni imepita juu ya vichwa vyetu kama ndege. Basi mkataba wa kununua chakula kwa vikundi vya mama uandikwe kabla jiwe la kwanza la hoteli halijawekwa. Baada ya hapo mwenye hoteli hana tena sababu ya kuwasikiliza.

Majirani zetu wamejaribu mambo mawili yanayofaa kujifunza. Serikali ya Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa ajili ya wanaoishi pembeni, na mwaka 2017 ikapandisha mpaka asilimia 10. Uganda, sheria inataka asilimia 20 ya ada ya kuingia hifadhini irudi kwa serikali za mitaa. Fedha hizo zimejenga shule, zahanati na matangi ya maji. Ni vizuri. Lakini tuangalie kwa makini: nyati akitoka msituni usiku anakula shamba la mtu mmoja, wala hali shamba la wilaya nzima. Shule ikijengwa kilomita kumi kutoka hapo, yule aliyepoteza mahindi yake hajalipwa kitu. Anayeishi ukingoni kabisa ndiye anayeumia zaidi, na mara nyingi ndiye anayepata kidogo.

Jambo la pili liko chini ya mlima Sabyinyo, upande wa Rwanda. Pale kuna hoteli ambayo tangu 2007 majengo yake ni mali ya chama cha wenyeji, SACOLA, na kampuni yenye ujuzi wa kazi hiyo inaiendesha kwa mkataba. Chama kinapata fungu lake kwa sababu ni mwenye mali. Tofauti hii ni kubwa. Anayepewa msaada hushukuru, na msaada ukikoma hana la kusema. Mwenye mali anaomba hesabu.

Lakini hesabu inaombwa na nani, mbele ya nani? Hapa turuhusiwe kukaa kidogo na Matendo 6, maana sura hiyo tunaihubiri sana siku ya kuweka mashemasi na kuisahau siku ya kugawa fedha. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakukana, wala hawakuwaambia wanaonung'unika kwamba wanaharibu umoja. Waliliita kusanyiko lote likachagua watu saba. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kusanyiko liliweka mgao mikononi mwa watu wa upande uliolalamika. Hatujaona kamati ya maendeleo iliyopangwa hivyo kwetu. Mara nyingi wenye viti wanateua ndugu zao, halafu wanamwomba mchungaji awabariki.

Tukifuata mfano huo, kamati ya utalii ya kijiji cha pembeni ya Parki ingekuwa na nani? Mwenye shamba linalopakana na msitu. Mama anayeuza makala, kwa sababu msitu ukifungwa bila yeye kupata kazi nyingine, atatumia njia ya usiku. Kijana wa kubeba mizigo. Na ndugu zetu Wambuti, ambao wageni hupenda kuwapiga picha wakicheza ngoma, na jioni wanarudi kwenye vibanda vyao na franga chache. Tangu Julai 2022 nchi yetu ina sheria inayolinda haki zao. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake juu ya Wambuti, au Batwa, waliofukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega, ikasema kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo kuwaita kikaoni ni jambo la haki, na asidhani mtu kwamba ni hisani yetu.

Kamati hiyo lazima ijue pia kwamba utalii ni chakula cha msimu. Tangu 2018 tumeona bunduki, ugonjwa na volkano vikiufunga kwa zamu. Kijiji kinachouza shamba ili kijenge nyumba za wageni peke yake kimejifunga kamba. Fungu la mapato liwekwe akiba kwa miaka ya ukame, na kila mtu abaki na jembe lake. Afadhali utalii uongeze juu ya kilimo kuliko kukiondoa.

Na Kanisa? Parokia zetu ziko pande zote za barabara hii, mpaka ndani ya Rutshuru. Tuna majengo ambamo watu wa makabila mbalimbali hukaa pamoja bila kuogopana sana, jambo lisilopatikana kila mahali katika mkoa huu. Tunajua kusoma hesabu za sadaka mbele ya waamini. Basi tunaweza kutoa nyumba ya kukutania, kumsaidia mwandishi wa kikao, na kuuliza maswali magumu kwa niaba ya wasiosikilizwa. Ila fedha ya utalii isiwekwe katika sanduku la parokia, na mchungaji asiwe mwenyekiti. Tunasema hivyo kwa sababu tunapendana: fedha ya jirani Mwislamu na Mkatoliki ikikaa kwetu, hata tukiwa waaminifu kabisa, maneno hayatakosekana.

Kuna kazi ambazo hazingojei mtalii. Parokia za Majengo, Kibati na Kibumba zinaweza kuandika orodha ya vijana waliowahi kubeba mizigo Nyiragongo, wanaojua njia na hali ya hewa ya mlima, kabla hawajatawanyika kabisa. Vikundi vya mama vinaweza kuhesabu ni magunia mangapi ya viazi vinaweza kutoa kwa wiki, na kwa bei gani, ili siku mwenye hoteli atakapouliza jibu liwe kwenye daftari. Vijana wajifunze huduma ya kwanza na lugha moja ya kigeni. Wazee wanaokumbuka mahali mpaka wa Parki ulipopita waketi na mwandishi, wakiwa bado nasi, nguzo kwa nguzo, shamba kwa shamba, pamoja na jina la kila familia iliyolima hapo.