Wacha Ngoma Iishe, Selekta

Siku hizi kila msee mtaani ako na reggae yote ya dunia kwa simu. Bando ya mbao tu, na unaskiza Burning Spear, Culture, Gregory Isaacs na Chronixx ukiwa umesimama steji ukingoja mathree. So kuwa na ngoma si kitu ya kujibambia tena. Kenye kinafanya selekta awe selekta ni kujua hii ngoma inaingia saa ngapi, inafuatwa na gani, na inaachwa iende hadi wapi. Hapo kwa kuiacha iende ndio nataka tubonge, ju reggae imenilea na inaniuma nikiiskia ikikatwakatwa.

Tuanze Kingston, Jamaica, ju huko ndio rieng ilianzia. Miaka ya 50, watu wengi wa ghetto hawakuwa na redio, na redio yenyewe haikuwa inachapa kenye wanataka. Wasee wenye biashara wakaona form. Wakatoa spika nje, wakalipisha mlangoni, wakauza tei na msosi, watu wakadunda hadi che. Hizo spika na kikosi chake ndio tunaita saundi. Tom Wong, mwenye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, akajiita Tom the Great Sebastian. Amplifaya zake ziliundwa na Hedley Jones, fundi mwenye alikuwa ametumikia jeshi la anga la Uingereza upande wa rada. Spika zilikuwa kubwa ka makabati, watu wakaziita House of Joy.

Hapo ska haikuwa imezaliwa, wacha reggae. Walikuwa wakichapa R&B ya Marekani, na vita ilikuwa ni nani ako na santuri yenye wengine hawana. Coxsone Dodd alikuwa ameenda kufanya wera ya mashamba huko Marekani, akarudi na mzigo wa santuri. Design yake ilikuwa kukwaruza lebo hadi jina lipotee, ndio mpinzani akichungulia deki asione kitu. Moja ya Willis Jackson, "Later for the Gator", akaibatiza Coxsone Hop, na ilikuwa inamaliza watu. Duke Reid, karao wa zamani mwenye alikuwa anatinga dansi na bunduki, akaisaka hiyo ngoma hadi akaipata. Siku yenye aliichapa kwa saundi yake mwenyewe, ile siri ikaisha nguvu.

Kwa saundi kila mtu ana mboka yake. Selekta anachagua santuri. Opereta anacheza na besi na eko. Kuna dijei, na kwao huyo ndio anashika maik, na kuna vijana wa kubeba maboksi. Hao vijana ndio hupewa deki mapema, saa zenye uwanja uko mtupu na mathe wa supu ndio anawasha jiko. Wanachapa polepole, mambo ya mapenzi, besi chini. Hapo kijana anasoma watu wakiingia mmoja mmoja: nani amekuja kuskiza, nani amekuja na dem, nani anatingisha kichwa akijua kila neno. Mkubwa akichukua deki usiku mnene, dansi tayari iko na joto.

Lakini stori yenye kila selekta wa Kanairo anafaa kuijua ni ya Ruddy Redwood. Huyu alikuwa na saundi yake huko Spanish Town, Supreme Ruler of Sound. Mwisho wa miaka ya 60 alienda studio ya Duke Reid, Treasure Isle, akatiwe santuri ya "On the Beach" ya The Paragons. Fundi wa studio, Byron Smith, akasahau kuweka sauti za waimbaji. Kenye kilitoka ni mdundo tu. Msee mwingine angeirudisha. Ruddy akaibeba dansi hivyo hivyo. Kwanza akachapa yenye iko na sauti, watu wakaishika, halafu akaingiza ile tupu. Uwanja mzima ukaanza kuimba wenyewe juu ya besi.

Hapo ndio vesheni ilishika, na upande wa pili wa santuri ukawa wa mdundo peke yake. King Tubby, fundi wa vyombo vya umeme wa Waterhouse mwenye jina la kuzaliwa Osbourne Ruddock, akaichukua hiyo idea akaenda nayo mbali: anatoa besi ghafla, anairudisha, anamwaga eko juu ya gitaa. Kwa saundi yake, Home Town Hi-Fi, U-Roy akashika maik akajaza ile nafasi na maneno yake. Hiyo ndio dub, na dub yote unaiskia leo iko na deni kwa ule usiku wenye selekta mmoja aliamini watu wake wanaeza beba wimbo.

Kuna dabupleti pia. Hiyo ni santuri laini inakatwa moja moja, mara mob ikiwa na msanii anaimba jina la saundi yako. Sindano inaila kila ikipita, so ukiichapa ovyo inaanza kukwaruza. Kwa klashi, penye saundi mbili zinapimana na watu ndio majaji, ngoma ikishachapwa hairudiwi, kwa hivyo selekta anaficha silaha yake hadi saa ifike. Mwaka 1985, Prince Jammy na saundi yake alikutana na saundi ya Black Scorpio pale Waltham Park Road akiwa na "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, ridimu, yaani mdundo wa wimbo, imetoka kwa kinanda kidogo cha Casio MT-40. Ule mdundo ulikuwa umewekwa ndani ya kinanda na manzi Mjapani, Okuda Hiroko. Kingston yote ikageuka kidijitali baada ya hapo. Na Wajapani hawakuishia kwa vinanda, ju saundi ya Mighty Crown kutoka Yokohama walienda New York 1999 wakabeba World Clash.

Halafu kuna Jah Shaka, selekta wa London, mwenye alituacha 2023. Deki moja. Santuri ikiisha, alikuwa anaitoa, anaweka ingine, na katikati hakuna kitu, watu wanangoja. Ngoma moja alikuwa anaweza kukaa nayo muda mrefu, sauti, vesheni, vesheni ingine, na hakuna mtu alikuwa anahepa.

Sasa njoo huku kwetu. Reggae ya Nairobi iko na mizizi. Metro FM ilitulea, Ghetto Radio ikashika, na saundi za Shashamane, Supremacy na King Lion zimejaza mitaa na mahewa. Jahmby Koikai, Fyah Mummah, mwenye alituacha 2024, alikuwa anashika maik hadi uwanja unasimama. Talanta iko mob.

Shida ni vile mix zetu nyingi zilikulia kwa nganya. Safari ya Town hadi Umo ni fupi, abiria anapanda na kushuka, so dijei anaharakisha. Kwa mathree hiyo iko fiti kabisa. Lakini sahi hiyo design imehamia dansi. Nimekuwa kwa klabu Eastlando, Dennis Brown ameingia, besi imeshika kifua, wasee wameinua mikono. Kabla verse ya pili, king'ora. Halafu milio ya bunduki. Jina la dijei mara nne. Ngoma ingine. Mzae mmoja kando yangu alikuwa amefunga macho akiimba, akayafungua, akaketi chini.

Najua kuna jugglin, kuchapa wasanii kibao juu ya ridimu moja. Diwali ya Lenky ikiingia, unatoka kwa Sean Paul unaenda Wayne Wonder na mbogi inalipuka. Hiyo ni sanaa, na inataka mkono mwepesi. Lakini hata hapo ridimu yenyewe haiachwi, ndio maana inashika. Roots, ile reggae ya kitambo ya polepole, inataka kitu tofauti. Johnny Clarke au Hugh Mundell hawezi kukupata kwa sekunde thelathini.

Kwa hivyo selekta, ka unaskia hii: tafuta vesheni. Pale Kenyatta Market, kwa stall ya Real Vinyl Guru, santuri ziko, na nyingi za reggae ukizigeuza utapata mdundo umekungoja huko nyuma. Chapa upande wa kwanza hadi mwisho. Geuza. Funga maik, punguza king'ora, uache besi itembee. Na sisi wa huku chini tukiskia ngoma imeishi hadi mwisho, tupige ukuta, tupige meza, tuitishe rewaindi, ngoma irudishwe mwanzo, kwa nguvu yote, ajue ni hiyo ndio tumekujia.