Vinanda Juu ya Mto Thames

Hesabu za Moto Mkuu wa London zinajulikana. Ulizuka alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, kwa mwokaji mikate Thomas Farriner katika mtaa wa Pudding Lane, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Hesabu hizo hazisemi watu walikimbia na nini. Hilo analieleza Samuel Pepys, ofisa wa serikali katika shughuli za jeshi la wanamaji, aliyeandika kwenye shajara yake kwamba karibu mashua moja katika kila tatu zilizobeba vyombo vya nyumbani ilikuwa na kinanda. Anayeukimbia moto hahangaiki na asichokithamini. Kwa hiyo sentensi hiyo moja inatufunulia jinsi muziki ulivyopendwa majumbani. Pepys mwenyewe alifukia shimoni divai yake na jibini ya Parmesan. Mambo madogo ya namna hii, kwa maoni yangu, ndiyo ushahidi mzito kuliko yote, kwani mwandishi hakuwa na faida yoyote ya kuyabuni.

Wapo watakaosema kumbukumbu za mtu hutiwa chumvi. Ni kweli, na Daniel Defoe ni mfano mzuri: kitabu chake cha 1722 kuhusu tauni ya London kinasimuliwa kana kwamba msimulizi alikuwa mtu mzima mwaka 1665, ilhali Defoe mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Pepys ni tofauti. Tangu Januari 1660 hadi Mei 1669 aliandika mambo yakiwa bado mabichi, tena kwa hatimkato, akiziweka humo hata aibu zake za ndoa. Shajara haikuchapishwa hadi 1825, miaka zaidi ya mia moja baada ya kifo chake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunamsikia mwanamume mwenye cheo na mali, na vinanda vile vilikuwa vya wenye nacho. Nalikubali. Hata hivyo ni Pepys huyohuyo anayesimulia kwamba Januari 1663 mkewe, Elisabeth, alimsomea alichoandika kuhusu upweke wa maisha yake. Mume akakiri moyoni kwamba mengi yalikuwa kweli, kisha akazichana karatasi zile asije mtu mwingine akazisoma. Shajara yake haiwezi kuturudishia maneno ya Elisabeth, lakini bila hiyo tusingejua hata kwamba aliwahi kuyaandika.