Gari Lililoipita Sauti na Waokota Mawe wa Black Rock

Je, wajua kwamba gari lenye kasi kuliko yote duniani lilisafishiwa njia na watu waliotembea kwa miguu, wamejipanga mstari mmoja, macho chini, wakiokota vijiwe kimoja baada ya kingine?

Gari hilo ni Thrust SSC la Waingereza. Tarehe 15 Oktoba 1997, katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, Marekani, rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza, Andy Green, aliliendesha kwa wastani wa kilomita 1,227.985 kwa saa. Kwa mwendo huo, kutoka goli hadi goli la uwanja wa mpira ni theluthi moja tu ya sekunde. Lilikuwa gari la kwanza kuipita kasi ya sauti ardhini na kuandikiwa rekodi rasmi, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo.

Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la usafiri mjini Coventry. Ni jeusi, lina urefu wa zaidi ya mita 16 na uzito wa tani 10 hivi. Dereva hukaa katikati ya injini mbili za Rolls-Royce Spey, za aina iliyofungwa kwenye ndege za kivita za Phantom. Halina gia wala ekseli inayozungushwa na injini: msukumo wa jeti ndio unaolipeleka, magurudumu yanabiringika tu. Nayo ni ya alumini tupu, kwa sababu tairi la mpira lingechanika vipande vipande kwa mzunguko wa kasi hiyo. Usukani wake unageuza magurudumu ya nyuma, kwani mbele injini zimejaza nafasi yote. Wataalamu wengi waliliona wazo hilo kuwa la hatari. Mhandisi Glynne Bowsher akachukua gari dogo aina ya Mini, akalibadilisha liwe na usukani wa nyuma, likajaribiwa, likaendesheka.

Ron Ayers, aliyewahi kubuni makombora, ndiye aliyechora umbo. Hofu yake kubwa ilikuwa hewa inayopita chini ya gari: pua ikiinuka kidogo tu, gari linapaa. Alipiga hesabu zake kwa kompyuta, kisha akazihakiki kwa kurusha mfano mdogo juu ya reli kwa roketi, mara 13, huko Pendine nchini Wales. Majibu yalipolingana, ndipo akakubali gari lijengwe.

Kiongozi wa kazi hiyo, Richard Noble, ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya awali, kilomita 1,019 kwa saa, aliyoiweka mwaka 1983 kwenye jangwa hilohilo la Black Rock. Fedha zilikuwa haba tangu mwanzo. Wengi walifanya kazi bila malipo, na klabu ya mashabiki, Mach 1 Club, ilichangia pesa na mikono. Ilipofika siku ya kuikodi ndege kubwa ya mizigo ya Antonov ili kulivusha gari Atlantiki, wananchi waliyanunua mafuta ya ndege hiyo kidogo kidogo kupitia intaneti, iliyokuwa bado changa.

Kazi ya jangwani, kwangu mimi, ndiyo inayostahili kusimuliwa kuliko zote. Black Rock ni ziwa lililokauka. Udongo wake wa mfinyanzi umekakamaa na kupasukapasuka, nao ni tambarare mpaka macho yanapoishia. Njia ya gari ilikuwa ya kilomita kama 20. Wasaidizi wa kujitolea walijipanga wakaipita yote, wakiokota kokoto, maganda ya risasi na kila kipande cha chuma. Kijiwe kikifyonzwa na injini huvunja mapanga yake; kikikanyagwa na gurudumu la alumini kwa kasi ile, huruka kama risasi. Gari likishapita huacha mifereji ardhini, kwa hiyo njia haitumiki tena. Inabidi kuchagua nyingine pembeni, na watu kuinama upya. Green alikanyaga mafuta kwa sababu aliwaamini watu hao.

Sheria ya rekodi hii ni kali. Gari lazima lipite kwenda na kurudi, safari zote mbili ndani ya saa moja, ndipo wastani uchukuliwe. Katika saa hiyo linageuzwa, linajazwa mafuta, parachuti za breki zinafungwa mpya na kila bomba linakaguliwa. Tarehe 13 Oktoba gari liliipita sauti pande zote mbili, lakini safari ya pili ikachelewa kwa muda usiotimia dakika moja. Rekodi ikakataliwa. Siku mbili baadaye wakarudia kila kitu, wakafanikiwa, siku moja tu baada ya kutimia miaka 50 tangu Chuck Yeager aipite sauti kwa ndege.

Mrithi wa gari hili, Bloodhound, alikuja Afrika. Huko Hakskeen Pan, jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini, wakazi 317 wa eneo la Mier waliajiriwa na serikali ya jimbo, wakaondoa kwa mikono tani 16,500 za mawe kwenye eneo la mita za mraba milioni 22. Ninaposoma takwimu hiyo naona fahari: hakuna mashine iliyoweza kuichagua ardhi ile kwa umakini wa macho na vidole vyao. Novemba 2019 Andy Green, akiwa kwenye usukani tena, alifika kilomita 1,010 kwa saa juu ya uwanja huo. Ili kuvuka rekodi ya 1997, Bloodhound inahitaji kufungwa roketi ya kuongeza msukumo, na tangu wakati huo wenye mradi wamekuwa wakitafuta fedha za kuigharamia.