Kwa nini ufunguo mmoja wa gari hautoshi

KATIKA makutano ya Kisian, ukishapita uwanja wa ndege wa Kisumu, barabara hugawanyika. Moja huendelea Maseno hadi Busia, nyingine hushika njia ya Bondo na Usenge. Hapo abiria hushuka na kupanda, ndizi na samaki hununuliwa dirishani, na hapo pia dereva hupapasa mfuko akakuta hamna kitu.

Miaka ya nyuma, tatizo hilo lilikuwa la saa moja au mbili. Mchonga funguo aliitwa kutoka mjini, akafungua mlango, akang'oa kitasa, akasoma mpangilio wa vibati vilivyomo na kuchonga ufunguo mwingine. Leo fundi yuyo huyo aweza kuchonga ufunguo ukaingia sawasawa na kuzunguka bila kukwama, stata ikalia, lakini injini ikazima baada ya sekunde moja au mbili, au isiwake kabisa. Wenye magari wengi humlaumu fundi kwa kuharibu kazi. Mara nyingi hana kosa. Chuma alichokichonga ni nusu tu ya ufunguo.

Nusu ya pili ni chipu ndogo iliyofichwa ndani ya kichwa cha plastiki. Chipu hiyo haina betri. Swichi ya gari imezungukwa na koili ya waya, na ufunguo unapoingizwa, koili hiyo huipa chipu nguvu kidogo kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa msimbo wake. Kompyuta ya gari hulinganisha msimbo huo na ile iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake. Ukilingana, injini huruhusiwa kuwaka. Usipolingana, petroli au umeme wa plagi hukatwa. Mfumo huu mafundi huuita imobilaiza.

Magari mapya yanayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya yalilazimishwa kuwa nao kuanzia mwaka 1998, kwa lengo la kupunguza wizi. Japani, yatokako magari mengi ya mitumba ya Kenya, haikuweka sharti kama hilo kwa magari ya soko lake, na ndiyo sababu gari dogo la bei nafuu kutoka huko laweza kukosa mfumo huu, huku la kifahari la mwaka uo huo likiwa nao. Njia rahisi ya kubaini ni kuchongesha nakala ya chuma kitupu kwenye kibanda chochote cha funguo. Ikiwa injini itawaka na kuendelea kunguruma, gari halina imobilaiza. Ikizima, mwenye gari amejua hali yake kwa gharama ndogo, tena akiwa angali na ufunguo halisi mkononi.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Magari ya mitumba aghalabu hukabidhiwa mnunuzi yakiwa na ufunguo mmoja, na mnunuzi hufurahia gari akasahau kuuliza wa pili uko wapi. Maadamu ufunguo mmoja unafanya kazi, kuongeza mwingine ni kazi nyepesi: fundi huunganisha kifaa chake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, gari likautambua ufunguo unaofanya kazi, kisha likakubali kuandikisha mpya. Katika baadhi ya Toyota za zamani hata kifaa hakihitajiki. Ufunguo mkuu hutumiwa kuandikisha mwingine, ingawa ule wa ziada, ambao kichwa chake huwa cha kijivu, hauna mamlaka hayo.

Funguo zote zikipotea, mambo hubadilika. Gari halina tena wa kumthibitisha mgeni. Katika aina fulani, fundi hulazimika kufuta kumbukumbu yote ya mfumo kwa kifaa maalumu, shughuli ambayo kwa baadhi ya Toyota huchukua takriban dakika 16 za kungoja. Katika nyingine, kompyuta yenyewe hufunguliwa na chipu yake ya kumbukumbu kuandikwa upya mezani. Isitoshe, usukani umejifunga na gia ya otomatiki imekwama kwenye P, kwa hiyo gari haliwezi kuvutwa kwa kamba hadi Kisumu. Sharti libebwe juu ya lori au fundi afike lilipo. Bei huongezeka mara kadhaa kuliko ile ya kuongeza ufunguo wa pili.

Hapo ndipo ushauri wa njia ya mkato hutokea. Fundi hupendekeza chipu moja iandikishwe, kisha ifungwe kwa utepe karibu na koili chini ya usukani, ili tangu siku hiyo ufunguo wowote wa chuma uwashe gari. Inafanya kazi, na ni rahisi. Lakini mwenye gari amelipa fedha zake mwenyewe ili kuondoa kinga yake. Kilichotokea Marekani kuanzia mwaka 2021 kinatosha kuwa funzo: magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyouzwa huko bila imobilaiza yaliibwa kwa wingi na vijana waliojifunza kupitia video za mtandaoni kuvunja kasha la usukani na kuzungusha swichi kwa ncha ya waya wa kuchajia simu.

Zipo pia hasara zinazoletwa na haraka tu. Kichwa cha ufunguo kinapopasuka, mtu hununua ganda jipya, akahamisha vitufe na betri ya rimoti, kisha akatupa ganda la zamani. Chipu, ambayo katika funguo nyingi ni kipande cheusi kidogo kama punje ya mahindi kilichobanwa pembeni, imekwenda na takataka. Milango inafunguka kwa rimoti kama kawaida, ila gari haliwaki. Afadhali ganda la zamani litunzwe hadi injini iwashwe kwa lile jipya.

Kinyume chake, betri ya rimoti ikiisha, injini haiathiriki katika ufunguo wa kuzungusha, kwa kuwa chipu haiitegemei. Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, ndani ya rimoti mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Na kwa Toyota, mathalani, dereva hukanyaga breki, akagusisha rimoti kwenye kitufe hadi kisikike kijimlio, kisha akabonyeza. Rimoti iliyotumbukia ziwani nayo isibonyezwe ili kujaribiwa. Itolewe betri kwanza, ifunguliwe na ikaushwe vizuri. Mara nyingi chipu hunusurika, ila saketi ya vitufe hushika kutu.

Ufunguo ukiibwa badala ya kupotea, jambo la kuzingatia ni tofauti kati ya nakala na uandikishaji. Baadhi ya mashine hunakili msimbo wa ufunguo wa zamani kwenye chipu mpya, na gari huziona funguo hizo mbili kama ufunguo mmoja. Nakala ya aina hiyo hutosha kwa ufunguo wa akiba, lakini haimzuii mwizi, kwa sababu ule alio nao ungali halali, na ukifutwa, nakala nayo hufa pamoja nao. Kinachohitajika ni ufunguo mpya wenye msimbo wake, na ule ulioibwa ufutwe. Wizi huo nao uripotiwe kituo cha polisi na nambari ya OB ichukuliwe.

Fundi mwaminifu atadai kitambulisho na hati ya umiliki kabla ya kugusa gari. Asiyeuliza chochote hatamwuliza mwizi pia. Naye mwenye gari ana haki ya kusimama kando yake kazi inapofanyika na kutazama kioo cha kifaa, kwani katika magari mengi huonyeshwa idadi ya funguo zilizoandikishwa. Ikiwa mkononi ana mbili na kioo kinasema tatu, amwombe fundi afute zote na kuandikisha upya hizo mbili kabla hajalipwa.