Mboga za Msimu, Kitoweo Kisicho na Deni

Juma hili tumeona tuwaletee wasomaji wetu habari ya jikoni, nayo tumeitoa mbali na bahari yetu, kule Macalder.

Macalder ni mji mdogo wa Nyatike, katika Kaunti ya Migori, karibu na Mto Kuja uendao Ziwa Viktoria. Palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliofungwa katika miaka ya 1960, na hata leo wenyeji wengi hutafuta riziki kwa kuchimba na kuosha dhahabu kwa mikono yao. Waislamu wa huko si wengi. Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, walituita tukae nao siku sita tuwasomeshe watoto. Tukafikia nyumbani kwa mfanyabiashara wa nafaka, ambaye mkewe ni mzaliwa wa Mombasa.

Usiku wa kwanza tuliandaliwa wali na kuku. Tukala, tukashukuru, tukalala. Asubuhi yake, tukiwa barazani na msahafu, akaja mtu mlangoni kudai fedha za kuku. Mwenye nyumba akamjibu kwa sauti ya chini amngojee hadi siku ya soko. Ndipo tulipofahamu kwamba kuku yule alikuwa wa mkopo, na kwamba karo ya watoto wa nyumba ile ilikuwa bado haijalipwa. Tuliona haya. Tulikuwa tumeshiba kwa deni la watu wengine.

Tulimwita mama wa nyumba mbele ya mumewe, tukamuuliza: "Binti yetu, jana mulikuwa mumepika nini kabla hatujafika?"

Akainama. "Mnavu na sima, shekhe. Niliifunika sufuria nikaiweka kando. Mgeni atoka Pwani, tena ni shekhe, nitampaje majani?"

"Tupe hayo majani," tukamjibu. "Ndiyo tutakayokula mpaka siku ya kuondoka, na ukitupikia kingine tutajua kuwa hututaki."

Akacheka, na hofu ikamtoka.

Ndugu wasomaji, neno "kitoweo" kwetu Pwani limefungwa kwa nyama na samaki. Nyumba yenye mchicha na mbaazi husema leo haina kitoweo, kana kwamba imelala na njaa. Lakini katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Jabir bin Abdillah kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamjibu kuwa hakuna ila siki. Akaitaka iletwe, akawa anaila huku akiisifu kuwa ni kitoweo chema. Hakumlaumu aliyeandaa, wala hakumtuma mtu kukopa. Na Anas bin Malik amesimulia kuwa mshonaji mmoja alimwalika Mtume kwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye boga na nyama kavu, naye Anas akamwona akitafuta vipande vya boga pembezoni mwa sahani. Nyama ilikuwamo, na kilichotafutwa kilikuwa boga.

Sasa tueleze tulivyolishwa, maana yule mama alitufundisha zaidi ya tulivyowafundisha wanawe.

Mnavu, ambao Wajaluo huuita osuga, aliuchambua majani na vikonyo laini, akauosha kwa maji mara tatu, akauchemsha kwa maji kidogo yenye chumvi hadi ukalainika, kisha maji ya uchungu akayamwaga. Sisi tungeutia tui. Lakini nazi ikifika Macalder imesafiri kutoka bahari hadi ziwa, na bei yake imekuwa ya arusi. Badala yake alichukua kikombe kimoja cha njugu karanga, ambazo Migori na Homa Bay hulimwa kwa wingi, akazikaanga kavu, akazipepeta maganda, akazitwanga kwenye kinu mpaka zikaanza kutoa mafuta. Akakaanga kitunguu na nyanya mbili, akatia njugu zile zilizokorogwa kwa vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, akaacha zichemke juu ya moto mdogo kwa robo saa huku akikoroga zisishike chini. Mwisho akautia mnavu. Mchuzi wake ulikuwa mzito kama tui la kwanza.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya majani ya kunde pamoja na mrenda, ambao wenyeji huuita apoth. Kunde peke yake huwa kavu kinywani, na mrenda peke yake huteleza mno. Vikipikwa pamoja kila kimoja humsitiri mwenzake. Sima yake ilikuwa ya mtama uliochanganywa na muhogo. Siku ya nne tulikula mgagani, mboga chungu ambayo wenyeji huipenda sana, nao hupunguza uchungu wake kwa kuilaza katika maziwa. Yeye aliupunguza kwa ufuta uliotwangwa, kwa kuwa maziwa ya nyumba ile huuzwa yakawa karo.

Mchana tulipata mahindi na maharage yaliyorowekwa tangu usiku ili yaive upesi na kuni zisiishe bure, yakaungwa kwa kitunguu na dania. Asubuhi palikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha na uji wa wimbi uliotiwa maji ya ukwaju badala ya maziwa. Usiku wa tano likaja boga, na majani yake machanga yakiwa ndani ya chungu hicho hicho. Tulipoliona tulimkumbuka Anas, tukawasimulia watoto hadithi yake, na boga likaisha kabla ya sima.

Katika siku zote hizo hatukuona kilichonunuliwa dukani ila chumvi na mafuta kidogo. Vingine vilitoka shambani, au sokoni kwa bei ya msimu, maana mboga ikiwa tele kwa wote huwa rahisi kwa wote. Na mboga inapokuwa tele, majani ya kunde huchemshwa kidogo, huanikwa kivulini hadi yakauke, yakawekwa akiba ya miezi ya jua.

Hapa yatupasa tuweke mpaka, asije mtu akasema shekhe ameharamisha nyama. Kitabu cha Mwenyezi Mungu, katika Suratul Maida, kinatukataza kujiharamishia vizuri tulivyohalalishiwa. Nyama ni halali, samaki ni halali, na mwenye uwezo ale kwa shukrani bila ya israfu. Tunachokipinga ni kuifanya nyama iwe kipimo cha heshima, hata mtu akatia shingo yake katika deni ili asionekane amepika mboga.

Tena afya ina hesabu zake. Mboga za majani zikamuliwe ndimu wakati wa kula, kwani uchachu wake husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Na chai ya rangi ingojee kama saa moja, kwa sababu huyazuia. Nafaka iende pamoja na kunde, mbaazi, maharage au pojo, kila moja ikamilishe upungufu wa mwenzake. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana bila ya haraka, kwani kikiwa kibichi kina sumu. Na anayeacha kabisa kila kitokacho kwa mnyama, hata maziwa na mayai, afahamu kuwa mimea haimpi vitamini B12. Huyo hana budi kuipata kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, hasa mama mjamzito na anyonyeshaye. Aulize hospitali mapema, asingoje kuugua.

Jambo jingine tulilojifunza ni kuuliza mboga imeota wapi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikusanya dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake ni sumu, na ikiingia majini huingia katika samaki. Kwa hiyo mama yule hachumi mboga yoyote bondeni wanakooshea dhahabu, hata ikiwa imenawiri namna gani. Bustani yake iko juu, nyuma ya nyumba, na huinyunyizia maji ya mvua aliyoyakinga kwa mapipa. Nasi wa mijini tusijione salama: mchicha ulionyweshwa maji ya mtaro wa taka hauwi mzuri kwa kuwa ni kijani. Tumeamrishwa tule kilicho halali na kilicho kizuri, na uzuri wa chakula huanzia kwenye udongo.

Usiku wa mwisho mwenyeji wetu aliwaalika majirani. Tulidhani kuku atarudi, lakini mama akatoa sinia kubwa, akaweka mnavu wa njugu katikati, wazi, bila ya kuufunika. Watu wakala mpaka wakaramba vidole. Deni la kuku wa kwanza tulisaidia kulilipa, maana tuliyemla ni sisi.

Tuliporejea Mombasa tukamsimulia ahali yetu yote hayo kwa bashasha. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Alhamdulillahi. Na ijumaa ile niliyopika mbaazi za nazi, ni nani aliyeuliza samaki yuko wapi?" Hatukuwa na jawabu. Tulikwenda masafa marefu kumfundisha mama wa watu asione haya kwa mboga, na haya ile ilikuwa imekaa mezani kwetu miaka mingi, nasi ndio tuliokuwa tukiilisha.

Basi, enyi kina baba, ulimi wako usiwe ndio sababu ya mkeo kukopa. Masika ikileta mchicha na kunde changa, uile masika. Msimu wa mbaazi ukifika, zitiwe tui na mahamri yaletwe. Na muhogo uko mwaka mzima. Nanyi kina mama, mgeni akibisha hodi, mkaribisheni kwa kilichomo chunguni. Na wewe uliye mgeni, usiuangalie mfuniko wa sufuria. Angalia uso wa aliyekuandalia, kisha useme Bismillahi.