Ugonjwa wa sukari kwa kazi: usifiche



Kati ya usiku, dereva mumoja anashuka kwa kamio yake kubwa. Jasho inamutoka, mikono inatetemeka, anajibu maneno yasiyoeleweka. Wenzake wanacheka: «Huyu amelewa!» Wanamuacha alale kusudi pombe imutoke.

Lakini labda hakuonja pombe hata kidogo. Labda ni mugonjwa wa sukari, na sukari ya damu yake imeshuka sana. Kama hawamusaidie upesi, anaweza kuzimia, na hata kufa. Kama angalikuwa akiendesha, angaliua wengine pamoja naye.

UGONJWA WA SUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula kinaleta sukari katika damu. Dawa ya mwili inayoitwa insulini ndiyo inafungulia sukari ile mulango, iingie katika nyama za mwili na kutupa nguvu. Kwa mugonjwa, insulini inakosekana, ao haifanye kazi muzuri. Basi sukari inabakia katika damu na kuongezeka.

Alama zake ni hizi: kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, kuchoka, kukonda bila sababu, macho kuona kama ukungu, vidonda visivyopona. Lakini watu wengi hawasikie kitu kwa miaka mingi. Kwa hiyo omba munganga akupime damu, zaidi kama unanenepa ao kama kuna mugonjwa wa sukari katika jamaa yako. Asubuhi, mbele ya kula, mutu muzima hapite miligrama 110 kwa desilita. Akipimwa mara mbili na kufika 126 ao zaidi, ni mugonjwa.

SUKARI IKISHUKA

Mugonjwa anayepiga sindano ya insulini, ao anayemeza vidonge vingine kama glibenklamide, anaweza kushukiwa na sukari akikosa kula, akifanya kazi nguvu kuliko desturi, ao akikunywa pombe tumbo tupu. Chini ya 70, hatari imeanza. Ufanye hivi:

1. Simamisha kazi na mashini mara moja.
2. Kula vipande 3 vya sukari, ao kunywa nusu chupa ndogo ya soda yenye sukari.
3. Ngoja dakika 15. Kama hujapata nafuu, rudilia.
4. Kisha kula chakula, na umwambie mukubwa wa kazi.

Wewe mwenzake, ukimuona amezimia, usimutie kitu chochote katika kinywa: kitamuziba pumzi. Umulaze kwa ubavu na uite munganga upesi.

CHUNGA MIGUU YAKO

Sukari nyingi inaharibu polepole macho, figo, moyo na mishipa. Miguu inakufa ganzi. Jiwe dogo ndani ya boti linaweza kukukata tangu asubuhi hata jioni, nawe usisikie maumivu. Kidonda kinaoza, na mwishoni muguu unakatwa. Basi, mbele ya kuvaa boti, uzikung'ute na kupitisha mukono ndani. Vaa soksi kavu. Kila jioni osha miguu, ipanguse vizuri kati ya vidole, na uangalie hata chini ya nyayo. Kama huoni vizuri, muke wako ao mutoto akuangalilie. Ukiona kidonda, hata kidogo, usingoje kesho.

CHAKULA NA DAWA

Bukari haikatazwe, lakini punguza kipande. Ongeza sombe, lengalenga, maharagi na samaki. Acha soda na chai yenye sukari nyingi, isipokuwa siku ile sukari imeshuka. Tumbako nayo inazidi kuharibu mishipa.

Ukifanya kazi ya usiku, uliza munganga saa ya kula na saa ya dawa, usijipangie mwenyewe. Usiache dawa kwa sababu unasikia nafuu, wala kwa sababu mutu fulani amekuuzia mizizi. Insulini inaharibika kwa joto: usiiache ndani ya kamio juani.

KWA NINI USIFICHE?

Wengine wanaficha kwa kuogopa kupoteza kazi. Tunaelewa woga huo. Lakini mbele ya mwaka 1922, mutoto aliyekosa insulini alikufa kwa muda mufupi. Leo mugonjwa anayefuata dawa anaweza kufanya kazi na kukomalisha watoto wake. Munganga akijua ugonjwa wako, atakushauri kazi inayokufaa. Mwenzako akijua, atakupa sukari pahali pa kukucheka.

Basi, wewe mugonjwa: vipande vya sukari katika mufuko, kila siku. Wewe mwenzake: mbele ya kusema «amelewa», uliza kwanza: «Ndugu, umekula?»